Mwiko wa Matangani

Mimi ni Mama Nekesa. Nilizaliwa Kitale kwa wazazi Wakikuyu, nikaolewa Naitiri kwa Wabukusu, na waliosema sitadumu niliamua kuwanyamazisha kwa ugali. Siku za juma niliuza mahindi sokoni Kitale kwa gorogoro, lile kopo la kilo mbili. Ijumaa nilienda Naitiri kupika matangani. Ugali wa waombolezaji husongwa kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe, msongaji amesimama kando ya moto wa magogo. Nilisonga kuliko mabinti wa boma lenyewe. Mama mkwe alinisifu mbele ya watu, nami nikavimba kichwa.

Kisha simu za mkononi zikaingia vijijini. Zamani habari ya misiba mingi ilinifikia mtu ameshazikwa, nikatoa pole, mambo yakaisha. Sasa maiti haijafika mochari, mimi nimeshapigiwa. Kila simu ilipolia moyo uliruka. Kisogo kilianza kuniuma. Damu ilinitoka puani juu ya mahindi ya wateja, nikaipangusa na kuendelea kupima. Usingizi ulinikimbia, na dawa za maumivu nikawa nazitafuna kama njugu. Nilimwambia Nafula, mke wa shemeji yangu, aliyepika nami kila mara. Akacheka.

"Ati kichwa? Si hata mimi kinaniuma. Songa ugali bana, kwani unasongea na kichwa?"

Huyo ndiye alikuwa rafiki yangu.

Siku tuliyomzika mjomba wa mume wangu, mwiko ulinitoka mkono wa kulia. Nikaushika, ukatoka tena. Nilitaka kusema "nishikeni," lakini mdomo ulienda upande, mate yakatiririka, nikaanguka mkono ukiwa motoni. Nilisikia harufu ya nyama ikiungua, nikajua ni yangu, na sikuhisi maumivu yoyote. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilijikojolea mbele ya wakwe zangu.

"Amelewa huyu," mmoja akasema.

"Ni pepo," akajibu mwingine.

Wakanivuta kando, wakanimwagia maji, wakanikandamiza tumbo na kukemea pepo. Mtu akapaza sauti kwamba ugali unaungua, wakaniacha pale chini wakaukimbilia. Nilisikia kila kitu. Mahubiri yalikuwa yamekwisha Barasa, mume wangu, alipoitwa. Alinibeba akanilaza kwenye pikapu iliyokuwa imeleta jeneza, palepale jeneza lilipokuwa.

Daktari wa hospitali ya Bungoma alitazama kipimo, akatikisa kichwa. "Mama, presha hii ingekuwa ya gari, tairi lingepasuka kabla ya kufika Kanduyi."

Nilikuwa nimepata kiharusi. Nililishwa uji kwa kijiko, nikafutwa kama mtoto mchanga. Muuguzi mmoja asiyejua kubembeleza aliketi kitandani pangu akasema, "Dawa utameza kila siku. Lakini ukirudia ile sufuria na ile simu, utaletwa hapa tena, na hutapitia wodi."

Akaniwekea mkono wangu mzima tumboni. Vuta hewa polepole mpaka tumbo liinuke, akasema, halafu itoe polepole zaidi. Nilimwona mjinga. Mtu mzima kufundishwa kupumua! Lakini jioni hiyo nililala. Nyumbani Kitale binti yangu Nekesa alinisimamia: kupumua, kutembea asubuhi bila simu, kuokota punje za mahindi moja moja kwa mkono uliokufa mpaka ukafufuka. Nikilia alinipa kitambaa, kisha akanimwagia punje nyingine.

Kazi ngumu ilikuwa kusema "sitaweza." Mama mkwe alikuja mwenyewe kuniuliza, "Sasa wewe ukikufa, nani atapikia watu wako?"

"Mama, nitakuwa nimekufa. Sitasikia njaa."

Aliondoka bila kunywa chai. Nafula akachukua mwiko. Nilimsihi aende akapimwe presha, maana naye alikuwa ameanza kuona mtu mmoja kama wawili.

"Wewe ulikuwa mvivu tu," akaniambia. "Ugonjwa umekupatia ruhusa."

Alianguka matangani kama mimi. Yeye hakufika Bungoma.

Siku ya kumzika, mama mkwe aliniinulia mwiko mbele ya wanawake wote. "Ungekuwa unapika na yeye, Nafula angekuwa hai. Shika."

Maneno hayo yalinichoma kuliko ule moto. Moyo ulianza kwenda mbio, kisogo kikagonga, na mkono wangu ukanyooka wenyewe kuupokea. Nikaurudisha mkono. Nikauweka tumboni, nikapumua kama nilivyofundishwa, wao wakinitazama na kunong'ona. Kisha nikaomba kiti, nikaketi na watoto wa Nafula mpaka mama yao akafukiwa.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Barasa, Nekesa na yule muuguzi mkali. Nawe unayesoma, kapimwe presha, hata kama huumwi popote. Zima simu ulale. Jifunze kusema "sitaweza" mdomo wako ukiwa bado umenyooka. Watakusema, na wengine watakusema mpaka ulie. Nafula nilimpenda kama dada wa tumbo moja, na matangani kwake sikupika.