Simu ya Ng'ombe wa Mama

Mama alikuja kwangu Olasiti kunihudumia katika uzazi, amebeba mkungu wa ndizi za mtori, supu ya aliyejifungua, ila moyo wake aliuacha bandani, kwa ng'ombe wake mmoja wa maziwa. Nilikuwa nimejifungua kwa upasuaji, mume wangu yuko porini anaendesha watalii, na hata kumwinua mtoto kulinishinda. Nilimhitaji mama kuliko wakati wowote. Siku chache tu baadaye baba akapiga simu kutoka nyumbani, kule mlimani juu ya Tengeru. Kiwele cha ng'ombe kimevimba upande mmoja, kina moto, na maziwa yanatoka mabonge mabonge.

Daktari wa mifugo alifika, akasema ni vijidudu vimeingia kupitia chuchu. Akaweka dawa, akaagiza maziwa yamwagwe, na chuchu ile ikamuliwe mara kwa mara mpaka ibaki tupu, la sivyo itakufa. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwetu anayekamua ni mama. Baba anakata majani, anasafisha banda, anajisifia ng'ombe kwa wenzake wa kanisani, lakini kiwele hajawahi kukigusa. Alipojaribu kukamua, ng'ombe akambania maziwa, akapiga ndoo teke. Jirani alipokuja kusaidia, naye akaambulia teke lake.

"Mwanangu, itabidi nirudi," mama akaniambia, akitazama pembeni.

Nililia. Sioni haya kusema kwamba nilimwonea wivu ng'ombe. Nikamwambia mama, kwa sauti isiyofaa kwa mzazi, aende basi akamlee huyo mwanawe mwenye mkia. Hakukasirika. Alichukua simu, akampigia baba, akamwambia anawe mikono, akikande kiwele kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, kisha aweke simu sauti kubwa karibu na sikio la ng'ombe.

Baba ni mzee wa kanisa. Alinung'unika kwamba watu watamwona. Akaiweka.

Mama akaanza kumbembeleza ng'ombe kwa Kimeru, kama afanyavyo kila siku: pole mama, shusha mama, najua panauma. Alikuwa ameketi kitandani kwangu, mjukuu mapajani, macho ameyafumba. Mara tukasikia maziwa yakigonga ndoo.

"Anashusha!" baba alipiga kelele, uzee wa kanisa wote umemtoka. "Endelea, anashusha!"

Ikawa hivyo asubuhi, mchana na jioni. Sauti ile ile ilimlaza mwanangu, na mara nyingi ilinilaza na mimi. Wivu wangu ukaisha bila mimi kujua umeisha lini. Kule nyumbani uvimbe ukashuka, maziwa yakarudi kuwa laini, na daktari akasema chuchu imepona. Mama akabaki kwangu, nami nikamshukuru Mungu waziwazi.

Lakini simu hazikukoma. "Bado ananibania," baba alisema kila alipopiga, na mama akabembeleza.

Asubuhi moja nilikuwa nanyonyesha, mama kando yangu, simu imelazwa juu ya shuka. Mama anasema pole mama, shusha mama. Upande wa pili, badala ya maziwa kugonga ndoo, nikasikia kijiko kikikoroga kikombe, taratibu kabisa, kisha mtu akapiga funda la chai. Nikamtazama mama. Naye alikuwa amesikia. Nikaziba mdomo, maana mshono ulikuwa bado unauma nikicheka.

Mama hakubadili sauti hata kidogo.

"Pole, mama," aliendelea kumwambia ng'ombe. "Najua nyumba ni kubwa ukiwa peke yako. Vaa lile sweta zito, asubuhi kuna baridi."

Kijiko kikatulia.

"Nimevaa," baba akasema.