Tangazo Lililogeuka Tanzia

Vasilka alikuwa na sauti, bwana, tusidanganyane. Miaka ishirini na miwili alikaa kwenye kichumba cha vioo cha stesheni yetu akitangaza treni, na hata walevi wa baa ya ng'ambo walinyamaza aliposema, "Treni ya abiria kutoka Sofia inaingia njia ya pili." Wapo waliodai treni ikichelewa wanamsamehe dereva kwa ajili ya sauti ile. Mwenyewe alijisikia, na kwa nini asijisikie? Sura alipewa ya kawaida, mume alimkimbia zamani, binti yuko Hispania. Sauti ndiyo aliyokuwa nayo.

Mwezi wa tatu wakamkata tezi ya shingo. Upasuaji ukaenda salama, uvimbe haukuwa wa kutisha, wauguzi wakampongeza. Alipozinduka akataka kuomba maji, ikatoka sauti kama mlango wa banda la kuku. Daktari akamweleza kwamba mshipa umeguswa na uzi mmoja wa sauti umelala. Huenda ukaamka, lakini asikae akiusubiri. Aende kwa mwalimu wa sauti mara mbili kwa wiki, tena mapema. Bima ililipa kisu. Mwalimu wa sauti, ajilipie mwenyewe.

Hapo ndipo aibu ilipomwingia. Aibu ya nini, utauliza, hakuiba wala hakumkosea mtu. Lakini aibu haina akili. Alikaa na kitambaa shingoni katika joto la mwezi wa saba, akaenda duka la mbali ambako hajulikani, akanunua mkate kwa kunyoosha kidole. Binti alimwambia kwa ujumbe kwamba simu imeharibika, haipitishi sauti. Majirani wa ghorofani aliwaandikia kikaratasi kwamba anatibiwa meno. Meno miezi minne! Hata nyumbu hana meno ya kutibiwa miezi minne.

Na mwalimu wa sauti wa mji wetu, tuseme ukweli, ni wa watoto. Kazi yake ni wale wasioweza kutamka "r". Vasilka, mama wa miaka hamsini na miwili, alikaa kwenye kiti cha plastiki chenye picha ya bata, magoti yakimgusa kidevu, akisubiri zamu. Siku moja kitoto cha kike kikamuuliza, "Wewe huwezi kusema nini? Mimi siwezi kusema 'lafiki'."

"Mimi siwezi kusema lolote," akanong'ona.

"Pole," kikasema kile kitoto, kikampa biskuti iliyokwisha kuumwa.

Alikwenda mara nne. Alifundishwa kupuliza "u" kwa mrija ndani ya bilauri ya maji, na mara ya nne, kweli, ikatoka "u" moja nene, ya zamani, hadi yule mwalimu binti, Bilyana, akapiga makofi. "Mama Vasilka, umeiona? Ipo! Masomo kama kumi na sita hivi, na unarudi kazini." Lakini fedha ya kuugulia ilikuwa imekwisha kwa kodi na dawa. Badala ya kusema "sina", akamwandikia Bilyana: nimepona, ahsante sana, Mungu akubariki. Mkuu wa stesheni alikuwa amempa hadi mwezi wa kumi. Asiporudi, wataweka mashine itangaze mahali pake. Vasilka alilijua hilo, na bado akaona heri mashine kuliko kuomba. Mficha uchi hazai, lakini nenda kamwambie mtu mwenye aibu!

Bilyana hakuwa mjinga. Siku moja stesheni, akinunua tiketi, akamuuliza Stamen, muuza tiketi wa dirishani, "Sauti ya mama Vasilka inaendeleaje tangu aache masomo?" Stamen alikuwa amefanya kazi na Vasilka miaka kumi na tano. Akajumlisha mawili na mawili. Moyo wa Stamen ni dhahabu. Kichwa, sasa, hicho ni habari nyingine. Akaamua kuwaomba watu wachange. Akatoa picha ya Vasilka kwenye kitambulisho cha kazi, akaipeleka kwa binti wa duka la kuchapa, akamwambia, "Nitengenezee tangazo, liwe la heshima."

Huyo binti kutwa nzima huchapa tanzia. Nani asiyejua mji wetu? Mtu akifa, sura yake inabandikwa kwenye mlango wa nyumba yake, kwenye nguzo, kwenye mti wa mbele ya kanisa. Akampa Stamen heshima anayoijua: karatasi nyeupe, mstari mwembamba mweusi pembeni, picha katikati, jina kwa herufi kubwa. Na juu maneno ya Stamen mwenyewe: SAUTI YA STESHENI YETU IMENYAMAZA. Habari za mchango zilikuwa chini, herufi ndogo kama chawa. Stamen akaona limependeza! Ijumaa jioni akalibandika kwenye mlango mkuu wa jengo la Vasilka, akaenda zake kulala kwa amani.

Jumamosi adhuhuri kengele ya Vasilka ikalia. Hakufungua, kama ilivyokuwa desturi yake. Akachungulia kwenye tundu la mlango. Bibi Tota wa ghorofa ya chini alikuwa amevaa nyeusi juu hadi chini, mkononi maua manne mekundu. Nyuma yake mzee Dobri, dereva mstaafu wa treni, alishika bakuli la ngano ya kuchemsha iliyofunikwa sukari, ile ya msibani, na mshumaa.

"Hakuna mtu," alisema mzee Dobri. "Atakuwa bado hospitali. Binti yuko Hispania, nani atamwosha maskini?"

"Ati?" Bibi Tota masikio yake yalikuwa mazito.

"Nasema, nani atamwosha!"

"Mimi nitamwosha. Nani mwingine?"

Vasilka akageuka nyuma, sebuleni kwake, kuona ni nani aliyekufa. Kisha akaelewa. Ngano, maua, nguo nyeusi, mlango wake. Alikuwa yeye. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na huyu kilimuumbua kabla hata hajafa.

Akafungua kinywa kupiga kelele kwamba yupo. Akakifunga. Nitasema kitu cha kusikitisha, lakini ndivyo ilivyokuwa: alifikiri, waache. Waweke ngano yao, waende. Maiti haombwi kusema.

"Unajua kinachoniuma, Dobri?" Bibi Tota aliongea kwa sauti kubwa kama viziwi wote. "Pasaka nilimpandishia yai jekundu. Nikamwambia, 'Kristo amefufuka!' Hakunijibu. Hata kafiri anayeumwa meno angejibu 'hakika amefufuka' kwa adabu tu. Aliliangalia yai, akalichukua, akanifungia mlango. Toka siku hiyo najiuliza, nimemkosea nini? Nilimlelea mtoto akiwa zamu ya usiku. Nimemkosea nini?"

"Hujamkosea, mama. Watu hubadilika."

"Ati?"

"Hubadilika!"

Bibi Tota akaweka kiganja kwenye mlango, upande wa pili wa shavu la Vasilka. "Nisamehe, mwanangu," akasema. "Kama kuna neno nilisema vibaya, nisamehe, na Mungu akusamehe."

Miezi minne Vasilka alidhani aibu yake ni ya koo. Sasa aliona aibu nyingine, ya kweli. Kumbe alipokuwa akijificha, huku nje mwanamke wa miaka themanini na moja alikuwa akihesabu makosa yake mwenyewe. Akafungua.

Mzee Dobri akaliachia bakuli. Ngano ikatawanyika ngazini. Bibi Tota akamtazama maiti juu, akamtazama chini, akamgusa shingo kwenye kovu, kisha akamzaba kofi la shavu.

"Uko hai, mshenzi wewe! Na mimi nimelia toka asubuhi!" Halafu akamkumbatia, akalia upya. Alipomaliza akachomoa ua moja akalitupa, yabaki matatu, maana maua ya idadi shufwa ni ya makaburini, akamsukumia kifuani.

Ngazi zikatikisika. Ni Stamen, ameamshwa usingizini kwa simu, shati amelivaa nje ndani, mkononi tangazo alilolibandua mlangoni. "Dada Vasilka, nisamehe! Wananiambia nimekuua! Niliandika mchango, naapa, niliandika!"

Mzee Dobri akamnyang'anya karatasi, akavaa miwani, akasoma herufi ndogo kwa sauti, hapo ngazini, milango yote ikifunguka. Kwamba Vasilka alipasuliwa tezi na sauti imempotea. Kwamba masomo ya kuirudisha ni ghali na ameyaacha kwa kukosa fedha. Kwamba bado inawezekana, tukiharakisha. Kila neno lilimvua nguo. Wa ghorofa ya nne walichungulia, wa ghorofa ya kwanza walipanda.

"Kwa hiyo meno..." alisema mzee Dobri.

Vasilka alitikisa kichwa, akitazama sakafu.

"Ningekuuliza kwanza, nilijua utakataa," Stamen alisema, jasho likimtiririka. "Sasa nakuuliza. Ukisema nichane, nachana, na hakuna mtu atakayelizungumza tena. Ila sema wewe mwenyewe, dada. Usiniandikie."

Ngazi nzima ikamgeukia. Vasilka alihisi kovu likimchoma na machozi yakishuka, akaona jinsi ilivyo rahisi kuinua mkono na kurarua ile karatasi. Neno alilohitaji lilikuwa moja, na aliona haya nalo kuliko kuvuliwa nguo sokoni.

"Nisaidieni," akasema. Ilitoka mbaya, imekwaruza, katikati ikakatika.

Bibi Tota akainamisha sikio, kiganja nyuma yake.

"Ati? Sikusikia, mwanangu. Sema kwa nguvu."

Vasilka akajaza kifua hewa, akarudia.