Nyumba Ikaguliwe, Jirani Akaguliwe

Mama alikataa katakata kuja kuishi kwangu Bariadi. Mimi nimeolewa, na kwetu Wasukuma mama mzazi haishi nyumba moja na mkwe wake wa kiume, wakapishana koridoni na mataulo. Kwa hiyo tangu paa la nyumba yake kule Mwanhuzi lilipoanguka, alikuwa akilala kwenye jiko la nje, na kila jioni kwenye simu aliniambia yuko salama.

Paa lile liliangushwa na mchwa. Marehemu baba aliinunua nyumba kwa rafiki yake, wakashikana mikono, wakanywa soda, na hakuna aliyepanda juu kutazama mbao. Mvua moja ya mchana ikamaliza kazi, bahati nzuri mama akiwa nje anaanua mtama. Ndiyo maana nilipompatia nyumba ndogo ya kununua hapa Bariadi, niliweka sharti kwenye mkataba: nanunua, ila fundi aikague kwanza. Akikuta mchwa au ufa wa kutisha, nina haki ya kujitoa.

Muuzaji alikuwa mjane wa umri wa mama yangu. Alikuwa na nyumba mbili kwenye kiwanja kimoja. Ya mbele anauza, ya nyuma amehamia mwenyewe. Nilipomsomea sharti, alivua miwani.

"Mwanangu, nyumba hiyo nimelala ndani yake tangu nilipoolewa. Unataka kuniambia nimelala na mchwa?"

"Hapana, mama. Ni utaratibu tu."

"Basi kanunue kwa hao wenye utaratibu."

Akanifungulia geti kwa adabu zote. Afadhali angenitukana. Nikampigia mama nikiwa nimefura, nikitegemea ataniunga mkono. Badala yake akasema, "Wewe unanunua nyumba, mimi nanunua jirani. Umeshamharibu kabla sijafika."

Nilikasirika mara mbili. Kwani aliyekuwa analala jikoni ni nani, mimi au yeye? Lakini nikiwaza vizuri, mimi nakaa upande wa pili wa mji. Siku akianguka bafuni, atakayemsikia ni yule mama wa nyumba ya nyuma, na nilikuwa nimemuudhi.

Jumamosi mama akashuka stendi na kuku kwenye kikapu. Hata chai hakutaka. Tulienda moja kwa moja, na getini alipiga goti kidogo, ingawa walikuwa rika moja. "Mwangaluka, mayu," akamwamkia kwa lugha yetu, akimwita mama. Yule mama akaitikia, hasira ni hasira, lakini salamu haiachwi ikining'inia.

Walizungumza Kisukuma, mimi nimekaa pembeni kama mshtakiwa.

"Mayu, huyu alipoolewa," mama yangu akaanza, "ng'ombe wa mahari waliletwa zizini kwetu. Wazee walifanya nini?"

"Si waliwazunguka."

"Wakatazama nini?"

"Meno, miguu, macho. Kwani wewe hujui?"

"Mmoja alikuwa na chongo. Tukamrudisha, akaletwa mwingine. Je, tuliwaita wakwe wezi? Tulikula nao siku ileile."

Mume wangu mpaka leo hapendi ng'ombe yule atajwe.

Yule mama alicheka bila kutaka. "Haya, fundi aje. Ila na mimi nina sharti langu. Nyumba ikaguliwe, na jirani akaguliwe. Utalala kwangu mpaka fundi amalize. Nikiona hufai, siuzi."

Nilidhani ni utani. Mama alikuwa ameshainuka anapeleka kuku jikoni.

Niliogopa, nisiseme uongo. Tangu baba afariki mama amekuwa mtu wa maneno machache na yote makali. Kuta ningeweza kuzikarabati. Mama yangu akikataliwa, ningemrudisha wapi? Kwenye lile jiko?

Fundi alikuja Jumanne, mama akiwa bado analala kwa yule mjane, akatembea na ufa mmoja mmoja, akasema kuta ni nzima. Kisha akang'oa ubao wa dari chumbani. Mbao zilipakwa oili chafu ya kuzuia mchwa zamani zilipopandishwa, na hakuna aliyerudia. Alibonyeza kenchi, mbao inayobeba paa, kwa kidole gumba, kidole kikazama. Unga wa mbao ukamwagika juu ya kitanda kilichoachwa pale.

"Upande huo alilala marehemu," yule mama akasema.

Nilikuwa na haki ya kujitoa, imeandikwa, na nilikuwa nimesema kweli tangu mwanzo. Lakini sikujisikia kushinda hata kidogo. Nilimwonea huruma.

Alitikisa shuka taratibu, akaikunja. "Fundi, ukimaliza hapa panda na kule nyuma," akasema. Kisha akanigeukia. "Mbao zote nitabadilisha na dawa nitapiga kabla sijakukabidhi ufunguo. Ng'ombe wa chongo anarudishwa, analetwa mwingine. Si ndivyo?"

Nikasema ndivyo. Tukatoka nje, tukamkuta mama barazani kwenye nyumba ya nyuma anachagua mchele kwenye ungo. Ilibidi nimuulize yule mjane.

"Na ukaguzi wako wewe, mama? Umemwonaje?"

Yule mama akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Anakoroma. Chumvi anatia kama anaokoa nyama isioze. Na usiku analia, akidhani nimelala."

Mikono ya mama ilisimama juu ya ungo. Mimi ni mwanaye wa kumzaa, nazungumza naye kila jioni, na hilo sikulijua.

"Kwa hiyo hafai?" niliuliza.

"Nani kasema? Mimi pia nilikuwa nalia." Akavuta kigoda, akakaa, akashika ukingo wa pili wa ungo. "Jana tumelia wote, tukachoka, tukalala."

"Na wewe ndiye uliyekoroma," mama akamjibu.