Zulia la Mkunga

Udadisi ndio maradhi yangu, na sina mpango wa kupona. Mimi ni fundi saa. Ukiniletea saa iliyokufa sitakuuliza inachelewa dakika ngapi. Nitakuuliza ilianguka lini, ilianguka wapi, na wewe ulikuwa unafanya nini ilipoanguka. Marehemu mke wangu alikuwa akisema kwamba nikifika mbinguni nitaanza kwa kuuliza mlango umetengenezwa kwa mbao gani. Sasa mtu kama mimi akijaliwa shemeji anayefuga mbwa, tena anayenusa masikio ya mbwa kila asubuhi kabla hajanywa chai, atanyamazaje?

Shemeji yangu huyo ni dada mkubwa wa marehemu. Mtaa mzima unamwita Mkunga, kwa sababu alifanya kazi wodi ya wazazi miaka thelathini na mmoja, na nusu ya watu wanaopita mbele ya lango lake walipita kwanza mikononi mwake. Siku aliyostaafu, wenzake walimpa saa ya ukutani. Akaenda nayo nyumbani, akaitundika sebuleni, akakaa chini yake, akagundua kwamba nyumba nzima hakuna anayelia. "Shemeji," aliniambia, "ule ukimya ulinitisha kuliko mapacha waliokaa vibaya." Wiki ya pili akaleta mbwa jike mwekundu kama sufuria ya shaba iliyotoka kusuguliwa. Hiyo ni miaka kumi na minane iliyopita, na huyu Shaba ninayetaka kukusimulia habari zake ni kilembwe wa yule wa kwanza.

Tangu uzao wa kwanza Mkunga alifanya kama alivyofundishwa wodini. Kila kitoto cha mbwa kilifungwa uzi wa sufu shingoni, kila kimoja na rangi yake, kikapimwa uzito asubuhi na jioni kwenye mizani ya jikoni, ile ile aliyopimia unga. Mimi nilikataa kula maandazi yake mwaka mzima. Yote yaliandikwa katika daftari gumu lenye safu nne: nini kimeonekana, kimeonekana lini, nani alikiona kwanza, na kimefanywa nini. Nikamuuliza, hiyo safu ya tatu ya nini? Kuna haja gani ya kuandika nani alikiona?

"Wodini," akasema, "mtu akijua jina lake litaandikwa, anaangalia mara mbili."

Jibu hilo nilirudi nalo nyumbani nikalifikiria hadi chai ikapoa.

Kupata mbwa kwake ni kugumu kuliko kuposa. Watu wanakuja na viatu vilivyong'arishwa, wanakaa kwenye kochi magoti pamoja, naye anawasaili. Mchana nyumbani atabaki nani? Mkeo ameridhika au umekuja kwa siri? Ukisafiri atalala na nani? Siku moja alikuja baba mmoja mnene, mchangamfu, akauliza jike huweza kuzaa mara ngapi kwa mwaka. Mkunga alisimama, akamfungulia lango, akamwambia, "Baba, huyu si mashine ya kufyatulia matofali." Kwake jike anazaa mara tatu tu maishani, na kati ya uzao na uzao lazima ipite miaka miwili. Kabla ya hapo kuna chanjo zote, dawa ya minyoo, kupimwa macho na moyo, na akitimiza miaka miwili kupigwa picha ya eksirei ya nyonga. Bila picha hiyo, hapandishwi. Wageni aliwafungulia daftari wakajionea wenyewe, hata kurasa za mbwa waliokufa na walikufa kwa nini. "Mficha maradhi kifo humuumbua," alikuwa akiwaambia, na mimi nilimsikia akilisema hilo labda mara mia.

Mwaka huu, mwezi wa pili, nilimsindikiza kwenye maonyesho ya mbwa. Sikuwahi kwenda kabla. Nilistaajabu! Uwanja wa nyasi, kamba pande nne, na watu wazima wenye akili zao wakikimbia duara kando ya mbwa huku matumbo yakiwatangulia. Jaji alikuwa mama mwembamba wa miwani. Alimfungua Shaba mdomo akahesabu meno, akapitisha kiganja mgongoni, akamshika mkia.

"Mkia una nini?" nikamnong'oneza Mkunga.

"Nyamaza, shemeji, utaniaibisha."

"Lakini kwa nini asiangalie makucha?"

"Shemeji!"

Kisha Shaba akakimbia. Jamani, mimi mbwa siwapendi kiasi hicho, wananilamba mikono wakati mafuta ya saa hayataki mate, lakini nakiri nilisahau hata swali langu la makucha. Alikimbia kama aliyetengenezwa kwa kazi hiyo tu. Akapewa utepe, wa pili maishani mwake. Wa tatu ungemfanya bingwa.

Mambo yote yalikuwa yamepangwa. Mwezi wa sita Shaba angetimiza miaka miwili na kupigwa picha ya nyonga. Mwezi wa saba maonyesho, utepe wa tatu. Kisha apandishwe na dume lililokwisha kuchaguliwa, la ukoo mwingine, lenye picha zake safi. Watu sita walikuwa wakisubiri watoto wake. Na kubwa kuliko yote, Shaba ndiye jike wa mwisho. Mama yake alikufa mwaka uliopita, na majike wengine wote walikwenda kwa watu na kufungwa uzazi. Asingezaa Shaba, miaka kumi na minane ya Mkunga ingeishia hapo.

Sasa nije kwenye zulia.

Mwezi wa tatu niliingia kwake nikakuta korido ya saruji, ile inayotoka sebuleni hadi jikoni, imetandikwa zulia refu jipya, zito, kutoka mlango hadi mlango. Mkunga na zulia ni maji na mafuta. Miaka yote alisema zulia ni kitanda cha viroboto. Nikamuuliza, vipi tena?

"Sakafu ina baridi."

Ilikuwa joto la kukausha nguo kwa nusu saa. Wiki iliyofuata nikauliza tena, akasema linapendeza. Mara ya tatu alinitazama tu kwa lile jicho la wodini, linalowanyamazisha hata waume wa wazazi, nami nikakata shauri kuulizia bei ya vitunguu.

Mwezi wa sita mwalimu mmoja, wa pili katika orodha ya wanaosubiri, alikuja kumwona Shaba, akajikwaa koridoni akiwa amebeba birika la chai, likamwagika zuliani. Zulia likafuliwa, likaanikwa ukutani nje. Mimi mchana huo nilikuwa sebuleni juu ya kigoda, naiteremsha ile saa ya kustaafu iliyokuwa ikisimamasimama. Nyumba ilikuwa kimya. Shaba akaamka jikoni, akaja kunitazama.

Fundi saa hafanyi kazi kwa macho tu. Saa iliyo nzima hupiga sawasawa, ti, ta, ti, ta, na iliyoharibika huchelewesha pigo moja kidogo mno, mtu wa kawaida hasikii. Mimi nasikia hata nikiwa usingizini. Kucha za Shaba ziligonga saruji: moja, mbili, tatu… nne. Moja, mbili, tatu… nne. Nikamwita aende, arudi. Vile vile.

Nilishuka kigodani. Kwa mara ya kwanza maishani nilitamani nisingekuwa na masikio.

Ningeweza kunyamaza. Mimi nani katika mambo ya mbwa? Lakini Mkunga akaingia na sinia, na mdomo wangu haujawahi kunisubiri.

"Shemeji, Shaba mguu mmoja wa nyuma unachelewa."

Sinia likatua mezani kwa kishindo. "Wewe unajua mbwa au unajua saa?"

"Najua saa. Lakini…"

"Basi nenda kwenye saa zako! Jaji miaka ishirini anaangalia mbwa, amemwona akikimbia, hakuona kitu. Wewe umekaa juu ya kigoda unasikia! Unasikia nini? Nenda!"

Nilikwenda, na saa yake kwapani. Sijawahi kuona mwanamke yule akitetemeka midomo, hata siku tuliyomzika mdogo wake. Ndicho kilichonishangaza. Hasira nilikuwa naijua. Ile haikuwa hasira tupu.

Siku nne hatukusemeshana. Siku ya tano, asubuhi, alisimama mlangoni pa kibanda changu na Shaba kwenye kamba. Kibanda changu ni meza, taa, benchi la wateja na sakafu ya saruji niifagiayo mara tatu kwa siku, maana skrubu ya saa ikipotea imepotea. Hakunisalimu.

"Zima redio," akasema. "Sikiliza tena."

Akamtembeza kutoka mlangoni hadi ukutani, akarudi, mara saba. Mimi nilifumba macho.

"Wa nyuma, wa kushoto," nikasema.

Akakaa kwenye benchi la wateja, mikono juu ya mapaja. Shaba akamwekea kidevu magotini. "Twende kwa daktari," akasema. "Twende wote. Nikienda peke yangu nitageuka njiani."

Daktari wa mifugo ni kijana ambaye Mkunga ndiye aliyemzalisha mama yake, kwa hiyo hawezi kumwambia jambo zito bila kujikuna kichwa. Shaba alichomwa sindano ya usingizi, akalazwa chali, akapigwa picha. Daktari akaibandika kwenye kioo chenye mwanga. Nikauliza maswali yangu yote, naye akafurahi kunijibu mimi ili asimjibu yeye. Kichwa cha mfupa wa paja, akasema, ni kama yai, na nyonga ina kikombe chake. Kulia yai limezama vizuri kikombeni. Kushoto limekaa ukingoni.

"Anaumia?" Mkunga akauliza.

"Bado kidogo, mama. Asinenepe, atembezwe kwa kiasi, dawa zipo. Ataishi vizuri tu." Akajikuna. "Na maonyesho ya mwezi ujao hawaombi picha. Kwenye nyasi hakuna atakayejua. Utepe anaweza kuupata."

Mimi, kwa aibu yangu, nilikuwa nautaka ule utepe.

"Huyu angekuwa mbwa wa mtu mwingine," Mkunga akasema, "ungemwambia nini?"

"Ningemwambia asizae."

"Basi niambie na mimi."

Kijana akajikuna tena. "Asizae, mama."

"Ahsante, mwanangu." Akaisogelea ile picha tena, pua ikakaribia kugusa kioo. "Na utepe nautakia nini? Nikiupata, kila mtu atakimbilia watoto wa kaka yake Shaba."

Kaka huyo, wa uzao mmoja na Shaba, aliishi kwa mwenye duka la dawa, upande wa pili wa mji, na yeye alikuwa na mpango wa kumpandisha. Jioni hiyo Mkunga alimpigia simu huyo wa kwanza. Alimweleza yote, bila kupunguza: mbwa wake apigwe picha kabla ya kufanya lolote, na kama nyonga si nzima, asithubutu. Kisha akawapigia wale sita. Mwalimu wa chai aliomba radhi kwa zulia mara nne. Hakuelewa kwa nini Mkunga alimwambia amemfanyia wema. Mwingine alikasirika, akasema amesubiri mwaka mzima. "Bora usubiri mwaka bila mbwa," akamjibu, "kuliko miaka kumi umbebe kwenda kukojoa." Wenye maonyesho aliwaambia Shaba haji tena.

Simu ya mwisho ilipokwisha nilikuwa nimeshairudisha saa ukutani. Ilikuwa inapiga sawasawa. Korido ilikuwa tupu. Zulia lilikuwa bado limekunjwa uani, limekauka siku nyingi. Shaba alikwenda jikoni kunywa maji, akarudi, na sote wawili tulisikia kila hatua. Nikaona ajabu jinsi kitu kile, ukishakijua, kinavyosikika wazi.

Mkunga akafungua daftari ukurasa wa Shaba, akanisukumia na kalamu. "Andika wewe. Mimi nitakutajia."

Nikaandika alivyonitajia. Safu ya kwanza: nyonga ya kushoto, kikombe hakina kina cha kutosha. Ya pili, lini. Nikaandika tarehe ya mwezi wa sita, siku ya kigoda. Ya tatu, nani alikiona kwanza. Sitakudanganya, nilijisikia vizuri kidogo. Mtu ambaye hata mbwa hana, jina lake kuingia katika daftari lile! Nikaanza kuandika: fundi saa.

Akaweka kidole juu ya karatasi.

"Futa," akasema. "Andika mwezi wa tatu."

Nilimtazama. Mwezi wa tatu? Nikautazama mlango wa korido, saruji ile tupu, na nikaelewa kwa nini nilinyimwa jibu mara tatu.

"Nilimsikia usiku mmoja akienda kunywa maji," akasema. "Nikajiambia ni kucha ndefu. Nikazikata. Nikamsikia tena. Kesho yake nikaenda kununua zulia." Akajifuta macho kwa ukingo wa kanga, waziwazi, bila kujificha. "Andika, shemeji. Mwezi wa tatu. Aliyegundua, mkunga."

Nikaandika. Ikabaki safu ya nne, kimefanywa nini, nikamuuliza niandike nini hapo.

"Ukweli," akasema. "Alitandikiwa zulia."