Insulini si Samaki wa Tchomia

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha afya cha Nyakasanza hapa Bunia, sikukabidhiwa mgonjwa hata mmoja. Titulaire, yaani muuguzi anayeongoza kituo, alinisimamisha mbele ya frigo, jokofu la mafuta ya taa lililonuka moshi. "Mama Georgette, wagonjwa iko ya siye yote," akaniambia. "Lakini ile frigo njo ya weye." Nilikunja uso. Niliona nimesomea uuguzi bure ikiwa kazi yenyewe ni kuchungulia utambi. Lakini hapo ndipo nilipojifunza mnyororo wa baridi, yaani namna ya kulinda dawa isipate joto wala isigande tangu inapotoka kiwandani mpaka inapoingia mwilini.

Kutoka Nyakasanza nilitumwa Mahagi, kisha Tchomia kando ya ziwa, na mwishowe nikarudishwa mjini, hospitalini, kwenye huduma ya wagonjwa wa sukari. Mkubwa wetu alikuwa Daktari Mkurugenzi, mtu wa sauti ya chini asiyependa kurudia swali. Huko ndiko nilikomkuta Masika.

Niseme wazi ili msije mkanisifu bure: Masika nilimwonea wivu tangu mwanzo. Alikuwa muuguzi kama mimi, familia yake ilihamia kutoka Butembo, na yeye mwenyewe alikuwa na sukari, akijidunga insulini kila siku. Wagonjwa walipita mbele ya meza yangu tupu wakaenda kupanga mstari kwake. "Ule njo mwenzetu," walisema. "Anajua uchungu ya sindano." Mimi nilimweleza mtu chakula chake mpaka koo likakauka, halafu akitoka anamuuliza Masika kama nimesema kweli. Nilifika mahali nikauonea wivu hata ugonjwa wake. Chekeni tu.

Ikaja habari ya mafunzo Ubelgiji, wiki kadhaa, nafasi ya mtu mmoja. Nilijua ni yangu. Mimi ndiye niliyekuwa wa zamani zaidi, na nilishaanza kupekua mitumba nikitafuta koti zito. Daktari Mkurugenzi akaniita.

"Mama Georgette, nimemuandika Masika. Lakini anajidunga. Wiki yote ile inje ya inchi, ndege, baridi, chakula ingine. Ataweza? Weye njo unajua ile dawa. Ukisema hapana, utaenda weye."

Hata hakunitazama, aliendelea kusaini karatasi zake. Neno moja dogo, hapana, na hakuna mtu angeniuliza sababu. Moyo ulinichoma. Lakini kila asubuhi nilikuwa nawaambia wagonjwa kwamba mwenye sukari anaweza kuishi kama watu wengine. Kesho yake ningewaambia nini?

"Ataweza, Dokta. Nitamutayarishia dawa miye mwenyewe."

Nilitoka pale na hasira ya mtu aliyejinyang'anya tonge mdomoni.

Nilimtayarishia kama inavyotakiwa. Dawa mara mbili ya ile anayohitaji, kwa sababu safari huchelewa na mizigo hupotea. Yote ya kubeba mkononi, isiingie kwenye valizi, sanduku la nguo, maana kule chini ya ndege baridi inaweza kuigandisha. Sindano za kutosha, cheti cha daktari cha kuonyesha mpakani, na vipande vya sukari mfukoni kwa ajili ya kushuka kwa sukari, pale jasho linapomtoka mtu na mikono inatetemeka.

Asubuhi ya safari nilikwenda kwake kumuaga. Nilisema hivyo, lakini nilikwenda kuona koti lake. Sebuleni ndugu walikuwa wakimwombea safari njema, naye Masika alikuwa chumbani anavaa. Mume wake, Baba Kambale, mfanyabiashara wa samaki, alikuwa anafunga kiboksi cheupe kama vile anavyosafirishia samaki. Nilikifungua. Chupa zote za insulini nilizompa Masika zilikuwa zimezikwa katika barafu tangu jana yake.

"Baba Kambale, hii ni nini?"

"Barafu, Mama. Samaki ya Tchomia inafikaka hapa muzuri juu ya barafu. Na dawa itafika."

"Samaki imeshakufa, Baba. Haina kitu ya kupoteza. Dawa, ukiigandisha, njo unaiua."

Chupa zilikuwa zimeganda. Insulini iliyoganda haitumiki tena hata ikiyeyuka. Inaweza kuonekana safi, lakini nguvu yake imeharibika. Masika angejidunga kule ugenini huku sukari inazidi kupanda, na angeweza kufa. Nilipanda pikipiki mpaka hospitalini, nikatoa chupa nyingine kwenye frigo yetu, nikarudi. Niliomba thermos ya chai, nikaipoza kwa maji baridi, nikamwaga maji, nikazifunga chupa kwa kitambaa na kuzipanga ndani. Haukuwa upendo. Sikutaka kazi yangu iharibiwe na mtu wa samaki. Masika akatoka chumbani na koti jekundu, na lilimpendeza. Hilo nalo liliniuma.

Alirudi amejaa mashavu, akanikumbatia mbele ya wote, akaniita yaya, yaani dada mkubwa. "Yaya Georgette, kule mwalimu aliuliza dawa ilifika namna gani bila kuharibika. Nikamuonyesha thermos. Akauliza jina ya mwenye alinifundisha, akaliandika ku ubao. Georgette, Bunia. Wanafunzi yote wakaandika."

Watu walipiga makofi. Mimi nilitabasamu kwa meno tu.

Sasa nimestaafu. Masika ndiye aliyekuja kuongoza huduma yetu, nikafanya kazi chini yake mpaka mwisho. Aliongoza vizuri, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Wauguzi vijana wanaponitembelea huniuliza kama najuta kwa kusema ataweza. Nawajibu kwamba ningesema vilevile leo, na ningeumia vilevile. Mkingoja moyo utulie ndipo mfanye kazi sawasawa, mtangoja sana, wangu haujatulia. Wananiambia nijivune, jina langu limesomwa Ulaya. Ni kweli, jina limepanda ndege, limeingia darasani, limeandikwa na wageni. Hata sijui kama walilitamka sawasawa. Mimi sikuwepo.