Siku Mama Alipocheza Gofu

Sie tuliokulia Temeke enzi zile tulikuwa watoto wa kufumua vitu tuone ndani kuna nini. Siku Mama alipotuletea mpira wa gofu uliochanika, mie na kaka yangu Shabani tuliukata kwa kisu cha jikoni. Ndani tulikuta uzi wa mpira, mwembamba, umezungushwa na kuzungushwa. Tukauvuta kutoka mlangoni kwetu, ukapita kwa jirani aliyekuwa anakaanga mihogo, ukafika bombani, na bado ulikuwa unakuja.

Mama alikuwa kibarua kwenye klabu ya zamani ya gofu upande wa pili wa mji, ile iliyoachwa na wakoloni, yenye mlinzi getini anayekuuliza unakwenda kwa nani. Yeye na wanawake wenzake watano walitambaa kwa magoti kutwa nzima, waking'oa magugu kwenye zile nyasi fupi zinazozunguka shimo. Jioni tulimchosha kwa maswali. Shimo lina ukubwa gani? Anayetumbukiza mpira anapewa nini?

"Hapewi kitu," alitujibu. "Anakwenda kutafuta shimo jingine."

Tulilala hatujaelewa watu wazima wanatafuta nini huko.

Kila mwisho wa mwaka klabu iliwapa wafanyakazi siku yao. Walikuja na watoto, wanaume wakaazimwa fimbo na kucheza mashimo tisa, wanawake wakapika pilau. Mwaka niliokuwa darasa la nne, Mama alimfuata msimamizi wao, Bwana Mkude, akamwambia anataka kucheza.

"Sasa Mama Zuhura, pilau atapika nani?"

"Pilau nimeshalipalia makaa. Nimeinamia nyasi hizi miaka minane, naomba fimbo na mie."

Wanaume walicheka. Bwana Mkude hakucheka. Alisema sawa, ila akiwachelewesha wenzake kwenye mashimo mawili ya mwanzo, atarudi jikoni.

Mama alivua kandambili, akajifunga khanga kiunoni. Pigo la kwanza alikosa mpira kabisa, udongo ukaruka. La pili vilevile. Wenzake walikuwa wametoka jikoni na miko mikononi. Shabani akaninong'oneza, "Zuhura, twende zetu." Aibu ilikuwa imemshika. Mie nilikuwa na hofu pia, lakini miguu haikutaka kuondoka. Nilitaka kujua itakuwaje. Pigo la tatu mpira ulitambaa chini hatua chache, Mama akaufuata na kuupiga tena, akaufuata tena, mpaka akafika penye nyasi fupi, wa mwisho.

Pale aliwakuta wanaume wote wamekwama. Huyu anapiga, mpira unapita shimo. Yule anaurudisha, unapita tena. Mama aliinama, akaweka kiganja kwenye nyasi kama mtu anayempima mtoto homa. Kisha akapiga mpira kuelekea pembeni kabisa, mbali na shimo. Wanaume wakaguna. Mpira ukaenda, ukapinda taratibu wenyewe, ukatumbukia.

Shimo la pili ikawa hivyohivyo. Kufikia la tatu Bwana Mkude aliacha kutazama saa yake. Kufikia la tano wanaume walikuwa wanasimama kumngoja. "Mama Zuhura, hapa panainamia wapi?" Akawaonyesha wote, hata wale waliomcheka. Mapigo yalipojumlishwa alikuwa wa tatu kutoka mwisho. Pilau lilikuwa limeshika chini kidogo, tukalila hivyohivyo. Mwaka uliofuata wanawake watatu waliomba fimbo.

Mwezi uliopita watu wa ofisini kwetu walinialika kucheza kwenye klabu ileile. Nilivaa viatu vya kuazima, nikapoteza mipira minne. Magugu siku hizi yanapuliziwa dawa, sikuona mtu aliyepiga magoti. Jumapili nikaenda Temeke kumsimulia Mama. Mwanangu alikuwa pembeni anacheza gofu kwenye simu. Kwake mpira ukitumbukia majini anagusa kioo, unarudi mkavu.

"Bibi, mbona rahisi?" akasema, bila kuinua macho. Hajawahi kuuliza ndani ya mpira kuna nini, na simu yenyewe huwezi kuikata kwa kisu uone.

Nikamuuliza Mama kitu ambacho, pamoja na udadisi wetu wote, hatukuwahi kumuuliza: siku ile ilikuwaje, mpira ulipoingia?

"Nilisikia mlio," akasema. "Wachezaji wakija sie tulikuwa tunaambiwa tusogee mbali, mpaka wapite. Miaka minane nilikuwa nasafisha lile shimo, sikujua mpira ukiingia unalia vipi."

"Unalia vipi?"

Mama akaitazama ile simu, kisha akanigeukia.

"Mlio mdogo tu," akasema. "Lazima uwe karibu."