Maneno Niliyomnyima Wanjala

Siku yangu ya kwanza kazini Sista Mkuu hakunisalimu. Alikagua kucha zangu, akanionyesha karai la bandeji chafu na kusema, "Osha, chemsha, kunja." Ndivyo nilivyoanza udresa katika hospitali moja hapa Eldoret, siku za masetla, wale wazungu wenye mashamba. Dresa alifunga vidonda, akadunga sindano, tena alikuwa mkalimani wa daktari. Lolote daktari alilosema kwa Kiingereza, mgonjwa alilipata kinywani mwangu. Nilivimba kichwa, sifichi.

Wanjala, dereva wa trekta katika shamba la mzungu kule Turbo, aliletwa akitapika damu kwa vidonda vya tumbo. Daktari Mkuu alimpasua, akaondoa sehemu kubwa ya tumbo na kuunganisha kilichobaki na utumbo. Siku ya kumruhusu aliniambia, "Ale kidogo kidogo. Na arudi kila mwaka tumpime damu."

La kwanza nililisema. La pili nililiruka, maana niliona mtu ameshapona, arudi kufanya nini? Badala yake, kwa vile alikuwa amekonda, nikaongeza langu: "Kunywa uji wa sukari nyingi, upate nguvu."

Baada ya miaka minne mkewe alimleta akimshika mkono. Viganja vilikuwa vimepauka, na miguu imekufa ganzi. Shambani alikuwa amefukuzwa. Kila alipokunywa uji alitokwa jasho, moyo ukamwenda mbio, akapepesuka, na nyapara akasema ni mlevi.

"Mimi si mtu ya pombe, Bwana Dresa," aliniambia. "Nakunywa tu ile uji ulisema."

Daktari Mkuu alieleza kwamba tumbo lililokatwa halizuii kitu kitamu, kinashuka utumboni kwa ghafla. Tena baada ya miaka mwili hukosa kile kinachotengeneza damu na kulinda neva. Tulimdunga sindano za dawa iliyokamuliwa kutoka maini ya ng'ombe. Damu ilirudi, lakini miguu haikupona, na trekta hakuendesha tena.

"Ulimwambia arudi kila mwaka?" Daktari Mkuu aliniuliza.

"Ndiyo, bwana."

"Basi mwambie amejiletea mwenyewe."

Nilimgeukia Wanjala. "Daktari anasema ulitakiwa urudi kila mwaka."

"Labda nilisahau," akasema. "Mwambie pole."

Nilistaafu na cheti cha utumishi mwema, na wajukuu wangu wamekitundika ukutani. Nyinyi mnaofanya kazi hii leo, mpeni mgonjwa maneno yake yote, hata yale mnayoyaona ya bure. Wanjala alishazikwa. Ile pole yake niliifikisha kwa daktari, neno kwa neno. Yangu sikuwahi kumpa Wanjala.